Mcheza kwao hutunzwa, mimi niliulizwa kibali: barua ya wazi kwa wenye dhamana ya sanaa na mitaa ya Dar es Salaam

Waheshimiwa,

Wale mlionizidi umri, shikamooni. Wale tuliolingana, habari za kazi. Barua hii ningeweza kuileta mezani kwenu ikagongwa mhuri wa "imepokelewa" na kwenda kulala kwenye jalada. Lakini jambo lenyewe lilitokea barabarani, mbele ya watu, na naona ni haki nao waisome. Baadhi yao wamo humu ndani, ingawa majina yao siyajui.

Mimi ni msanii, mkazi wa Temeke. Ninachofanya wasomi hukiita sanaa ya utendaji. Sisi wenyewe tunasema pafomansi, na mama yangu anasema "ule mchezo wako wa kusimamasimama." Maigizo si yenyewe, maana sina mhusika ninayemwigiza. Ngoma nayo hapana, hakuna anayepiga. Natumia mwili wangu, kitu kimoja au viwili, na mahali. Nafanya tendo, watu wanalitazama, na kinachotokea kati yao na mimi ndiyo kazi yenyewe. Nikifanya peke yangu chumbani nitakuwa nimefanya mazoezi tu.

Tendo ninalotaka kuwaeleza ni la kubeba mzigo. Mnaijua Sanamu ya Askari pale kwenye kipilefti cha Samora. Imesimama pale tangu 1927, bunduki mkononi, singe mbele. Wengi wetu tunapita chini yake tukiwahi daladala na hatusomi kilichoandikwa. Maandishi yale, ambayo Waingereza walimpa mwandishi wao Rudyard Kipling ayatunge, yanawataja pia wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza kuwa walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Miguu na mikono! Lakini juu ya jiwe kasimama askari peke yake. Kule Nairobi sanamu ya ukumbusho wa vita hivyo hivyo ina watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Hapa kwetu mpagazi kaachiwa maneno ya chini.

Pengine ni kwa sababu alipewa mtaa mzima. Waingereza walipouteka mji huu kutoka kwa Wajerumani, Septemba 1916, eneo lililo ng'ambo ya Mnazi Mmoja likawa kambi ya Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi, na ndimi za watu wa hapa zikalilainisha jina hilo hadi likawa Kariakoo. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa katika vita vile, wengi wao kwa maradhi na njaa. Sisi tunakwenda kununua viatu juu ya jina lao.

Basi nikaamua kutembea kutoka kwenye sanamu hadi Kariakoo nikiwa na sanduku la bati kichwani, nimevaa shuka jeupe la marekani, taratibu mno, hatua moja kwa pumzi moja, bila kusema neno mpaka nifike. Kwa mwendo wa kawaida njia ile haifiki nusu saa. Mimi nilipanga kutumia muda wa saa tatu nzima. Nilianza asubuhi ya Jumamosi, nikafuata Samora hadi Mnara wa Saa, nikashika Uhuru.

Nataka niwaeleze waliyosema watu, maana hapo ndipo penye shauri langu, na naomba mnivumilie nikichelewa.

Dakika za mwanzo hakuna aliyeniona. Mjini mtu aliyebeba kitu kichwani haonwi. Nilianza kuonekana pale walipogundua kwamba sifiki. Kijana mmoja wa bodaboda aliyekuwa akisubiri abiria akawauliza wenzake, "Kamera iko wapi?" Wakaanza kuitafuta: juu ya ghorofa, ndani ya gari lililoegeshwa, nyuma ya mti. Hilo ndilo swali la kwanza siku hizi, waheshimiwa, na si la kijinga. Watu wamechoshwa na vijana wanaowatega ili wapate cha kurusha mtandaoni, kwa hiyo wakiona jambo lisilo la kawaida wanajiuliza kwanza kama ndio wanaochekwa. Nilikuwa na rafiki aliyepiga picha kwa simu kutoka mbali. Walipomgundua, wengine wakasema "anatafuta kiki huyo" na kwenda zao. Sikuwalaumu. Baadaye nilimwambia rafiki yangu safari ijayo abaki nyumbani.

Kufika Mnara wa Saa walikuwepo kama watu kumi na watano waliokuwa wakitembea nami, na wakaanza kubishana. Mmoja alisema nimepandwa na mashetani. Mwingine akasema hapana, huyu kawekewa nadhiri na mganga, sanduku lile lina kitu. Mama mmoja muuza maji ya kandoro akanipima kwa macho toka juu hadi chini akatoa hukumu yake: "Ana njaa. Mtu mwenye njaa ndivyo anavyotembea." Nilitaka kucheka, na ningecheka kazi ingekufa. Kumbe mama yule alikuwa amegusa penyewe kabisa bila kusoma jiwe lolote.

Mnazi Mmoja ndipo palipokuwa na shida ya kwanza ya kweli. Mwanamke wa makamo alinizuia njia, akashika ncha ya shuka langu na kuniuliza, sauti ikitetemeka, "Mwanangu, unajua hii ni nini?" Kwake lile shuka lilikuwa sanda. Alisema amezika juzi. Alisema hakuna mchezo katika kitu hicho. Nilivunja kimya changu, nikamwomba radhi, nikamweleza kwa maneno machache. Alinisikiliza mpaka mwisho kisha akasema bado hapendi, akaondoka. Nimelifikiria neno lake miezi mingi. Marekani ni kitambaa chenye historia ndefu katika pwani hii, kiliwahi kutumika kama fedha kwenye misafara ya bara, nami nilikuwa na sababu zangu za kukichagua. Sababu zangu hazimzuii yeye kuona sanda. Sijui kama nitakivaa tena.

Kisha tukaingia Kariakoo, na huko nikakutana na mhakiki wangu.

Alikuwa mchukuzi, mmoja wa wale wanaobeba marobota kutoka kwenye magari hadi madukani, jasho limemlowesha fulana mgongoni. Alitembea nami hatua kama ishirini akinitazama shingo. Halafu akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Dada, mzigo huo mwepesi. Na hujaweka kata. Hakuna mtu anabeba bati kichwani bila kata. Anayejua kubeba akikuona anajua unadanganya." Watu wakaangua kicheko. Nilikuwa na kilo kumi na mbili mle ndani. Mpagazi wa misafara alibeba kati ya kilo 25 na 30, nilikuwa nimesoma hayo vitabuni, na nilikuwa nimejisamehe. Yeye hakunisamehe. Alinishusha sanduku, akavua kitambaa alichojifunga kichwani, akakikunja na kukizungusha kikawa kata, akaniwekea utosini, akarudisha sanduku. "Sasa twende," akasema. Na tukaenda. Shingo ikakaa sawa. Hatua zikabadilika, hata mimi nilihisi, na watu waliokuwa wakicheka wakanyamaza.

Nimeshawahi kucheza mbele ya watu waliosomea sanaa, wakapiga makofi ya adabu na kuniuliza kuhusu "dhana." Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia shingo yangu inadanganya.

Mzee mmoja wa kanzu akasimama mlangoni pa duka lake akasema, bila kumwambia mtu yeyote hasa, kwamba babu yake alichukuliwa vita ile kutoka Kilwa na hakurudi, na kwamba nyumbani kwao walikuwa wakisema tu "alikwenda mzigoni." Vijana wakamuuliza, vita gani? Akaanza kuwaeleza. Mimi nilipita, wao wakabaki. Kile kikundi pale mlangoni kilikuwa sehemu bora ya kazi yangu na sikukiona mwisho wake.

Hapo ndipo mgambo walipokuja.

Waliniuliza kibali. Nilikuwa nimerudi kwenye kimya changu, nimebakiza labda mita mia mbili, kwa hiyo sikujibu. Kimya kikaonekana ukaidi. Sasa sikilizeni kilichotokea, maana ndicho kilichonifanya niandike. Waliojibu ni watu. Mchukuzi yule akasema, "Anabeba mzigo, kuna kosa gani?" Msichana aliyekuwa akiuza vifuniko vya simu akasema, "Anaonyesha wale wa zamani, wa vita, ndio jina la hapa." Mwingine akamsahihisha: wa vita ya kwanza, siyo ya pili. Mmoja alisema nipelekwe tu, naziba njia. Wakaanza kujibizana, huyu akieleza, yule akipinga, na mgambo wakiwa katikati wakipewa somo la historia wasilolitaka. Mwishowe nikashikwa mkono, sanduku likabebwa na mgambo mmoja (bila kata), na nikapelekwa kwenye ofisi moja ambayo sitaitaja, kwa sababu sina ugomvi na mtu na kwa sababu naamini ningekuta hali hiyo hiyo katika ofisi nyingine.

Aliyenipokea alikuwa mzee mstaarabu. Aliagiza niletewe chai. Akatoa fomu. Kwenye "aina ya sanaa" palikuwa na muziki, ngoma, maigizo, sarakasi. Nikauliza kama kuna "mengineyo." Hakuna. Akaniambia niweke maigizo na nilete andiko la mchezo, maneno yote yatakayosemwa.

"Hakuna maneno, mzee."

"Basi hakuna mchezo."

"Kama hakuna mchezo, kibali cha nini?"

Alicheka mwenyewe, namshukuru kwa hilo. Akapendekeza njia nyingine: nijaze kama promosheni ya barabarani, kama wale wa mitandao ya simu na sabuni, nilipie, halafu nipite na gari la spika nikitaka. Nikamwambia sina ninachouza. Akawaza kidogo, kisha akatamka lile neno nililoandikia barua hii yote. "Mimi binafsi nimekuelewa, binti yangu. Shida ni wananchi. Wananchi hawataelewa."

Waheshimiwa, neno hilo nimelisikia mara nyingi, kwa sauti za upole na za ukali, kutoka kwa watu walionipa chai na walioninyima kiti. Wenzangu wanaocheza dansi ya kisasa wanalijua, wanaofanya kazi kwenye makontena ya Nafasi, kile kituo cha sanaa pale Mikocheni, wanalijua. Kila mwenye kutamka hujitoa yeye: yeye kaelewa, hawa wengine ndio hawataelewa. Ningependa siku moja nikutane na huyo mwananchi asiyeelewa, maana Jumamosi ile sikumwona. Niliona waliokataa, waliochukizwa, waliopuuza, walionisahihisha. Mama wa sanda alielewa vizuri kuliko nilivyotaka.

Jiji hili limelelewa katika kutazama kwa kujibu. Bibi hakuanza hadithi mpaka wajukuu wameitikia "hadithi njoo." Kwenye taarabu mtu akiguswa na ubeti haandiki barua kwa mhariri, anainuka, anakwenda kutunza, na jinsi anavyotembea kuelekea jukwaani na anayemtazama wakati anapita ni jibu kwa mtu fulani ukumbini, na mtu huyo analijua. Kwenye mabanda umiza filamu ya Kichina haikuachwa izungumze yenyewe. Palikuwa na mtu wa kuitafsiri na kuichokonoa, na watoto wa uswahilini walimtania papo hapo akikosea. Uwanja wa mpira sina haja ya kuutaja. Watu hawa ndio tunaambiwa hawataelewa mwanamke aliyebeba sanduku.

Na barabara zenyewe zimejaa maonyesho. Muuza dawa anafungua kikapu cha nyoka akakusanya watu mia kabla hujamaliza kahawa. Spika ya dawa ya panya, mende na kunguni inarudia maneno yale yale toka asubuhi hadi jioni, na hakuna aliyeombwa andiko. Mhubiri anasimama kituo cha basi. Siwasemi kwa ubaya, nawaonea wivu mbinu zao. Nasema tu kwamba kinachopita bila swali ni kile ambacho kila mtu anajua kinataka nini: huyu anataka shilingi elfu, huyu anataka roho yako. Mimi nilisimama barabarani bila kuomba kitu, na hapo ndipo mashaka yalipoanza.

Mashaka hayo ni ya zamani. Vita ile ile ya wapagazi ilisaidia kuieneza beni, ngoma ya kuiga bendi za kijeshi, kutoka pwani hadi bara. Vikundi kama Marini na Arinoti hapa Dar es Salaam vilivaa sare za kuiga jeshi, vikapeana vyeo vya wafalme na majenerali, vikatembea mitaani kwa tarumbeta na mbwembwe huku watu wakishangilia upande wao. Leo tungeiita pafomansi bila kusita. Maofisa wa kikoloni waliitilia shaka, wakaipeleleza, wakijiuliza kama nyuma ya mchezo ule kuna njama. Maneno ya nyimbo waliweza kuyasikia. Walichoshindwa kukisoma ni kwa nini watu wanafurahi hivyo.

Majirani zetu wanatuonyesha jambo hilo kwa uchungu zaidi. Nairobi, Oktoba 1976, mchezo kuhusu Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau, ulipomalizika katika Ukumbi wa Maonyesho wa Taifa, waigizaji walishuka jukwaani wakicheza, watazamaji wakaungana nao, wote wakatoka nje hadi barabarani. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyeuandika pamoja na Mĩcere Mũgo, alieleza jinsi polisi walivyowazuia baadaye wasifike upande wa Hoteli ya Norfolk. Mwaka uliofuata, huko Kamĩrĩĩthũ, Limuru, wanakijiji walijijengea jukwaa la wazi na kucheza kwa Kikuyu. Kibali walikuwa nacho. Kikafutwa Novemba 1977, na mwaka haukuisha kabla Ngũgĩ hajakamatwa na kuwekwa kizuizini bila kushtakiwa.  Kilichoongezeka kati ya siku ya kibali na siku ya kufutwa ni watazamaji, waliokuwa wakija kwa wingi na kuondoka wamebadilika. Na juzi tu, Aprili 2025, wasichana wa shule ya Butere walipewa na Mahakama Kuu ruhusa ya kucheza tamthilia yao kwenye mashindano ya taifa kule Nakuru. Wananchi wakazuiwa kuingia na mabomu ya machozi yakarushwa. Wasichana wale waliimba wimbo wa taifa wakaondoka, hawakuona maana ya kucheza mbele ya viti vitupu. Watoto wa sekondari walijua kitu ambacho fomu zetu hazikijui: mchezo bila watazamaji haujafanyika.

Sisi Tanzania tuna mfano wetu, tena mzuri, na sijui kwa nini tunausahau. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwemo Penina Mlama na Amandina Lihamba, walikwenda kijiji cha Malya, mkoani Mwanza, wakafanya kazi na wanakijiji kutengeneza michezo na ngoma juu ya shida za pale, mojawapo mimba za wanafunzi. Onyesho halikuishia kwenye makofi. Watu walikaa wakajadiliana, wazazi na vijana, mambo ambayo hayakuwa yakisemwa hadharani. Ubishi ule ndio uliokuwa shabaha. Kazi kama hiyo ilifanywa pia Msoga, mkoani Pwani. Na mwaka 1984, Bunge likapitisha Sheria Na. 23 iliyoanzisha Baraza la Sanaa la Taifa, ikilipa jukumu la kufufua na kukuza sanaa. Neno "kufufua" nalipenda sana. Mtu hafufui kitu kwa kukiuliza kisanduku chake kiko wapi.

Nisidanganye kwamba umati ni malaika. Naujua umati wa Kariakoo. Mkono uliwahi kunishika mahali pasipostahili nikiwa katikati ya kazi nyingine, na mwanaume aliyefanya hivyo alitoweka akicheka. Jiji hili mtu akipiga kelele "mwizi!" mwingine anaweza kufa, na mtu anayetembea ajabu huku kabeba sanduku yuko karibu na neno hilo kuliko mnavyodhani. Niliwaza hivyo kila nilipopita mbele ya duka la simu. Hata katika nchi zenye kumbi za kila namna hali ni hiyo: mwaka 1974, mjini Naples, Italia, msanii wa pafomansi Marina Abramović aliweka mezani vitu 72, vikiwemo mkasi, visu, bastola na risasi, akawaachia watazamaji wamfanyie watakalo kwa saa sita. Walianza kwa maua. Waliishia kumkata nguo na ngozi, na bastola ikaelekezwa kwake. Kwa hiyo ofisi ikiniuliza, "Nani anakulinda? Ukianguka nani anakuinua? Watoto wakisogea itakuwaje?", nitakaa chini nijibu moja baada ya jingine, na nitashukuru kwamba kuna aliyeuliza. Sijawahi kuulizwa. Nimeulizwa maneno ambayo sitayasema.

Ninachoomba si kikubwa. Pale ambapo tendo halina maneno, msidai andiko. Ulizeni njia, saa, muda, vifaa, na nani yuko nami. Ulizeni kama naziba mlango wa duka la mtu, kwa maana yule aliyelalamika kwamba naziba njia alikuwa na haki yake. Mkikataa, kataeni kwa maandishi, mkitaja sababu, na "wananchi hawataelewa" isihesabiwe kuwa sababu. Mgambo wakija, waambieni wasimame pembeni na wahakikishe hakuna anayemgusa msanii wala msanii hagusi mtu. Hiyo ndiyo kazi ambayo Jumamosi ile hakuna aliyeifanya isipokuwa mchukuzi. Tupeni Mnazi Mmoja, au Mwembe Yanga kwa sisi wa Temeke, hata asubuhi moja kwa mwezi. Vibaraza vya makumbusho na vituo vya utamaduni vya mabalozi tunavishukuru, lakini wanaofika kule ni wale wale, tunajuana kwa majina, na hakuna hata mmoja anayejua kukunja kata.

Na njooni mtazame. Hili naliweka juu ya yote. Ninyi mnaotoa vibali mmeona sanaa nyingi kwenye hafla, mkiwa mmekaa viti vya mbele vyenye vitambaa, msanii akiwaelekea ninyi na kuwapa mgongo wananchi. Kuna siku nawaomba mje bila king'ora wala mwandishi wa habari, msimame nyuma, katikati ya watu, mzisikie hizo hoja. Mtasikia matusi. Mtasikia vichekesho ambavyo waandishi wa vichekesho wangevilipia. Mtasikia mtu akieleza historia ya babu yake. Na kazi ikiwa mbovu, mtasikia pia, tena mapema kuliko sisi wenyewe.

Mambo ya fedha nitayagusa kwa ufupi kwa kuwa wengine wameyasema vizuri. Mikopo ya wasanii ipo na ni jambo jema, ila mkopo hurudishwa kwa mauzo, na kazi yangu haina tiketi. Sijui mlinzi wa benki angenitazamaje nikimwambia dhamana yangu ni sanduku la bati.

Mita zile mia mbili bado nazidai. Nimeamua kuzimaliza, na safari hii kuanzia mwanzo, kutoka kwenye sanamu. Nimeongeza mzigo hadi kilo 25 na nafanya mazoezi jioni uani kwetu. Majirani wamezoea, watoto wananihesabia hatua. Kitambaa cha mchukuzi ninacho. Siku ile sikupata nafasi ya kumrudishia, na nilipokwenda kumtafuta niliambiwa kahamia upande wa Msimbazi. Nikimpata nitamwomba atembee mbele, kama atakuwa hana kazi. Shuka bado sijaamua.

Naambatanisha fomu ile ile niliyopewa. Nimeijaza yote kwa herufi kubwa kama ilivyoelekezwa: jina, mtaa, namba ya kitambulisho, njia, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, watu wawili wa kunisindikiza na mmoja wa huduma ya kwanza. Kwenye aina ya sanaa nimechora kisanduku cha tano kwa rula, nikaweka tiki, na pembeni yake nimeandika: kubeba mzigo. Kwenye andiko la mchezo nimeacha wazi, ili wajaze watakaokuwepo.

Wenu mtiifu,
Msanii wa Temeke